Diski ya Henry Thomas, "Texas Worried Blues": uzoefu wangu baada ya miezi minane

Niliinunua diski hii kwa ajili ya filimbi. Mwaka 1968 bendi ya Canned Heat ya Marekani ilitoa wimbo "Going Up the Country", ambao hata mtu asiyeujua kwa jina huenda amewahi kuusikia, kwa kuwa umo katika filamu ya tamasha la Woodstock. Wimbo huo hufunguliwa kwa filimbi nyepesi yenye kurukaruka, na kwa miaka mingi niliamini kuwa ilikuwa kazi ya vijana wale wenye nywele ndefu, mpaka rafiki yangu mmoja mpiga gitaa aliponiambia kwamba wameichota kutoka kwenye wimbo "Bull Doze Blues", uliorekodiwa mwaka 1928 na mzee mmoja mweusi wa Texas aliyeitwa Henry Thomas. Sikumwamini. Nikautafuta wimbo wenyewe, nikausikiliza kwa simu nikiwa ndani ya daladala, na nilipofika kituo changu nikapitiliza.

Kinachouzwa ni mkusanyo wa nyimbo zote 23 ambazo Thomas aliirekodia kampuni ya Vocalion kati ya mwaka 1927 na 1929, na umetolewa na kampuni ya Yazoo katika diski moja. Mimi nilinunua iliyokwisha tumika, kwa muuzaji wa mtandaoni ambaye sitamtaja, nikalipa shilingi elfu themanini pamoja na gharama za kusafirisha. Ilichukua wiki saba kunifikia. Kasha lilikuwa limepasuka pembeni, jambo ambalo kwangu si kitu, lakini kijitabu cha maelezo, ambacho tangazo lilisema kimo, hakikuwamo. Nilimwandikia muuzaji mara tatu. Mara ya kwanza aliniomba radhi, mara mbili zilizofuata hakujibu. Kwa hiyo anayetaka kununua iliyotumika na aombe kwanza picha ya kijitabu hicho, maana kumsikiliza Thomas bila maelezo ni sawa na kuketi barazani mwa wazee wakati habari imekwisha fika katikati na hakuna anayekuwa tayari kuirudia kwa ajili yako. Ilinibidi niokoteze habari zake mwenyewe, na nitaanza nazo, kwa sababu ndizo zilizonifungulia nyimbo.

Henry Thomas alizaliwa mwaka 1874 katika eneo la Big Sandy, kaskazini-mashariki mwa Texas. Watumwa wa Texas walitangaziwa uhuru wao tarehe 19 Juni 1865 katika mji wa Galveston, yaani miaka tisa tu kabla ya yeye kuzaliwa, na wazazi wake walikuwa miongoni mwa watu hao waliotoka utumwani na kubaki palepale kwenye pamba, safari hii wakilima ardhi ya mwenye shamba na kugawana naye mazao. Kijana hakuipenda pamba. Alijifunza filimbi, kisha gitaa, na alipokuwa bado hajafikisha miaka ishirini aliondoka nyumbani na kuanza maisha ya kudandia treni, akipiga muziki kwenye vituo, kwenye mitaa ya miji ya reli, na kwenye sherehe za mashambani ambako watu walitaka kucheza mpaka alfajiri. Wakampa jina la Ragtime Texas. Alipoingia studio mjini Chicago kwa mara ya kwanza, mwaka 1927, alikuwa na umri wa miaka 53, na hapo ndipo penye thamani ya diski hii. Blind Lemon Jefferson, Mtexas mwenzake ambaye santuri zake za mwaka 1926 ndizo zilizozishawishi kampuni kwamba mwanamume mmoja na gitaa lake wanaweza kuuza, alizaliwa mwaka 1893. Wengi wa wale tunaowaita waasisi wa bluzi, muziki wa weusi wa Kusini mwa Marekani, walikuwa watoto wa rika lake, au hawajazaliwa bado, wakati Thomas alipokuwa amekwisha kuzijua njia zote za reli.

Kwa sababu hiyo, mtu anayenunua diski yenye neno bluzi kwenye jalada lake akitarajia masikitiko ya usiku wa manane atashangaa. Ziko nyimbo chache za namna hiyo, na wimbo uliolipa jina jalada ni mmojawapo, ambamo anarudia mstari uleule wa huzuni kabla ya kuufunga kwa mwingine. Sehemu kubwa ya diski, hata hivyo, ni mzigo wa mtu aliyekuwa akiwachezesha watu kabla bluzi haijawa biashara: nyimbo za ngoma za mashambani, nyimbo za majukwaani za miaka ya 1890, nyimbo za dini kama "Jonah in the Wilderness", visa vya majambazi, na vipande vya nyimbo vilivyounganishwa kwa haraka ili mchezo usikatike. "Bob McKinney" na "Arkansas" ni mifano mizuri ya uunganishaji huo. Unaanza kufuatilia kisa cha mtu mmoja, na kabla hujajua kilikoishia, tayari mwimbaji amekwisha ingia kwenye wimbo mwingine na gitaa halijapunguza mwendo hata kidogo. Mwanzoni niliona ni uzembe. Baada ya kuwaza jinsi mpigaji wa harusini anavyofanya pale anapoona uwanja umejaa na wachezaji wamepamba moto, niliona kwamba hakuwa na njia nyingine: aliyeacha kupiga ili atafute wimbo mwingine alikuwa anaupoteza uwanja, na pengine chakula chake cha jioni.

Kuhusu ubora wa sauti niseme wazi, kwa kuwa watu wengi huiacha diski hapa. Nyimbo hizi zilitoka kwenye santuri za mizunguko 78 kwa dakika, kila upande ukibeba kama dakika tatu, na santuri hizo zilikuwa zimekwisha pigwa sana kabla hazijawafikia watu wa kuzitunza. Kuna mchakacho, na katika nyimbo mbili tatu mchakacho huo ni mzito hasa, kama kikaango cha vitumbua kilichowekwa kati yako na mwimbaji. Spika za sebuleni kwangu ziliufanya uwe mkubwa zaidi. Nilijaribu kupunguza sauti za juu, nikaona nimezipunguza na filimbi, ambazo ndizo nilizokuwa nimezilipia, nikaacha. Kilichonisaidia ni visikizi vya kawaida na saa za alfajiri, kabla watoto hawajaamka, na baada ya siku nne au tano sikio langu likazoea kuupita mchakacho ule kama mtu anavyozoea mvua juu ya bati. Tangu hapo nasikia hata mguu wake, au kitu ninachodhani ni mguu, ukigonga sakafu ya studio.

Sasa filimbi zenyewe. Ni matete yaliyokatwa kwa urefu tofauti, yakazibwa upande mmoja na kufungwa pamoja kama kitana, na mpigaji hupuliza juu ya tundu lililo wazi, kila tete likitoa sauti yake moja. Weusi wa Kusini mwa Marekani walizipiga sana katika karne ya 19, kisha kinanda cha mdomo kilipokuwa rahisi kupatikana madukani zikaanza kupotea, na kufikia wakati wa santuri walikuwa wamebaki wapigaji wachache mno waliorekodiwa. Sid Hemphill wa Mississippi alirekodiwa mwaka 1942, na wapo wengine wa kuhesabu kwa vidole. Thomas alizipiga huku mikono yote miwili ikiwa kwenye gitaa. Katika "Old Country Stomp" filimbi hujibizana na sauti yake: anaimba mstari, anapuliza, anaimba tena, na pumzi ile ile inafanya kazi zote mbili, hivyo ukisikiliza kwa makini utasikia mahali anapoiba hewa. Matete hayana noti nyingi. Yana tano au sita zinazosikika, na mara nyingine moja kati yake haikubaliani vizuri na gitaa, lakini kutokubaliana huko ndiko kunakoufanya wimbo uwe na uhai ambao filimbi ya chuma iliyonyooka ya mwaka 1968, pamoja na uzuri wake wote, haina.

Mimi mwenyewe napiga gitaa kidogo, hasa kanisani, na kwa hiyo nilitaka kujua gitaa lake lilikuwaje. Linasikika dogo, kavu, karibu na banjo kuliko gitaa. Siri ni kapo, kile kibanio kinachofungwa kwenye shingo ya gitaa ili kupandisha sauti ya nyuzi zote kwa pamoja. Thomas alikifunga juu sana, mahali ambapo wengi wetu hatufiki, na hivyo nyuzi zikawa fupi na zenye ukali. Nilijaribu kwa gitaa langu la nyuzi za chuma, nikapandisha kapo hadi nafasi ya saba, nikacharaza kwa mkono uleule mmoja unaoshuka na kupanda bila kupumzika. Baada ya dakika mbili mkono ulikuwa umechoka. Hapo nikaelewa kwamba nilichokuwa nimekidharau kuwa ni upigaji rahisi wa kurudiarudia kilikuwa kazi ya misuli, iliyozoeshwa kwa miaka zaidi ya thelathini ya kusikika bila kipaza sauti kwenye kelele za stesheni.

Na stesheni ndizo zinazonirudisha kwenye wimbo ninaoupenda kuliko yote, "Railroadin' Some", aliourekodi Oktoba 1929. Hauna hadithi. Ni orodha ya vituo vya treni, na katikati yake gitaa linaiga mwendo wa magurudumu na filimbi zinaiga honi. Anaondoka Fort Worth, anakwenda Texarkana, anarudi, anashuka Dallas, anabadilisha treni na kupanda ile waliyoiita Katy, yaani reli ya Missouri, Kansas na Texas, halafu anaanza kuvisalimu vituo kimoja kimoja, Rockwall, Greenville, Denison, McAlester, Muskogee, Kansas City, St. Louis, Springfield, Bloomington, Joliet, mpaka stesheni ya mtaa wa Polk mjini Chicago, mji uleule alimokuwa amesimama akiimba. Nilichukua ramani ya reli za zamani nikaifuata njia kwa kidole. Mambo mawili yalinisimamisha. La kwanza ni kwamba baada ya McAlester anataja Teritori, jina la ardhi iliyotengwa kwa ajili ya Wahindi Wekundu, ilhali ardhi hiyo ilikuwa imekwisha kuwa sehemu ya jimbo la Oklahoma tangu mwaka 1907. Miaka 22 ilikuwa imepita na kichwani mwake ramani haikuwa imebadilika. Alikuwa akiiimba safari jinsi alivyoisafiri akiwa kijana. La pili ni Big Sandy. Kijiji alikozaliwa kimo ndani ya orodha, na anakisalimu kwa sauti ileile anayovisalimia Terrell na Mineola, hapunguzi mwendo, hachelewi, treni inapita. Tena hakukiweka mahali pake: kwa kufuata reli, Big Sandy iko kati ya Mineola na Longview, lakini yeye anaitaja baadaye sana, karibu na Texarkana. Nimeisikiliza sehemu hiyo zaidi ya mara thelathini nikitafuta mtetemo wowote katika sauti, na ukweli ni kwamba haupo. Mtu mwingine angeandika hapa kwamba ameficha uchungu. Mimi naona alikuwa anawahi Denison.

Huo ulikuwa mwaka wake wa mwisho studioni. Mwezi uleule soko la hisa la New York liliporomoka, na katika miaka iliyofuata biashara ya santuri ikaanguka nalo, hasa santuri zilizokuwa zikiuzwa kwa wanunuzi weusi wa mashambani, ambao ndio walikuwa wa kwanza kukosa senti za kununulia. Nyimbo 23 zikabaki 23. Mbili kati yake, "Fishing Blues" na "Old Country Stomp", ziliingizwa na mkusanyaji wa santuri za zamani, Harry Smith, katika mkusanyo wake mashuhuri wa mwaka 1952 uliotolewa na kampuni ya Folkways, na tena "Fishing Blues" ndiyo iliyofunga mkusanyo huo wa nyimbo 84. Kupitia hapo vijana wa miaka ya 1960 wakampata: Bob Dylan alichukua wimbo wake wa kuomba nafasi moja zaidi kwa mpenzi na kuuimba kwa namna yake katika albamu ya mwaka 1963, wanamuziki wa bendi ya Grateful Dead wakautumia "Don't Ease Me In" kwenye santuri yao ya kwanza mwaka 1966, mwanamuziki Taj Mahal akaipiga "Fishing Blues" mwaka 1969. Ni urithi mkubwa kwa mtu ambaye jina lake hata wapenzi wengi wa bluzi hawalitaji. Nimezisikiliza zote hizo sambamba na asili zake, na isipokuwa Taj Mahal, ambaye anaelewa kwamba wimbo wa kuvua samaki unapaswa kuwa na raha ya mtu asiye na haraka, kila mmoja amekwenda kasi kuliko mzee, na bado mzee ndiye anayekufanya utikise mguu.

Malalamiko yangu juu ya diski yenyewe ni machache. Nyimbo 23 mfululizo ni nyingi, kwa kuwa mkono wa gitaa ni uleule na funguo za muziki zinakaribiana, hivyo baada ya wimbo wa kumi mtu huanza kusikia wimbo mmoja mrefu. Mpangilio wa nyimbo haufuati mwaka wa kurekodiwa. Mimi nilizinakili kwenye kompyuta nikazipanga upya, za 1927 kwanza, kisha za 1928, kisha nne za 1929, na kwa mpangilio huo nilisikia jinsi alivyozidi kuwa huru mbele ya kipaza sauti. Maneno mengi hayashikiki hata kwa anayekijua Kiingereza vizuri, maana anayameza, na hapo ndipo nilipomkumbuka muuzaji wangu. Nyimbo nyingi unaweza kuzipata bure kwenye intaneti, na sitamlaumu anayeanzia huko, ila nyingine zimepandishwa zikiwa zimepunguzwa mchakacho kwa programu mpaka filimbi zinasikika kama ziko ndani ya ndoo ya maji. Nilipolinganisha "Bull Doze Blues" ya huko na ya kwenye diski, tofauti ilikuwa dhahiri tangu pumzi ya kwanza. Mpiga gitaa, mtu wa dansi, au yeyote anayependa kujua muziki wa weusi wa Texas ulikuwaje kabla ya santuri, namshauri ainunue bila kusita. Anayemtafuta mwimbaji wa kulia naye aende kwa Skip James. Nimeipa nyota nne kati ya tano, na ile ya tano niliizuia kwa ajili ya usingizi unaonijia nikifika wimbo wa kumi na nne.

Mwezi uliopita niliipeleka Dodoma kwa mjomba wangu, ambaye kabla ya kustaafu alikuwa gadi wa treni kwenye Reli ya Kati. Hajui Kiingereza zaidi ya kile cha kazini, na bluzi hajawahi kuitafuta. Baada ya kumwamkia na kunywa chai nilimwekea "Railroadin' Some" bila kumweleza chochote. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, na vituo vilipoanza kutajwa akainua kidole.

"Huyu ni gadi?"

"Hapana mjomba, ni mpiga gitaa. Alikuwa akidandia."

"Bila tiketi?"

"Bila tiketi."

Akacheka, akaniambia nirudishe mwanzo. Mara ya pili, honi ya matete ilipolia, naye akaanza vyake kwa sauti ya chini, Kilosa, Kidete, Gulwe, akaendelea mpaka Saranda, akasimama hapo kidogo kueleza kuhusu kuku wa Saranda, na aliporudi kwenye safari wimbo ulikuwa umekwisha. Tukaurudia tena. Jioni nilipoaga niliitoa diski kwenye mashine, akaniuliza naipeleka wapi. Imebaki kwake, pamoja na redio yangu ndogo ya kuichezea, na mimi natumia nakala iliyo kwenye kompyuta. Kijitabu bado nakitafuta. Kama kuna mwenye nacho na yuko tayari kukipiga picha kurasa zake, nitalipia usumbufu.